Binti yangu hasikii, na kipindi cha ngoma anaachwa alinde mabegi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Wilaya ya Chamwino hapa Dodoma. Naandika kuhusu mtoto wangu wa kati, binti wa miaka 10, yuko darasa la nne. Alizaliwa anasikia. Alipokuwa na miaka mitatu aliugua homa ya uti wa mgongo, tukalazwa, Mungu akamponya lakini usikivu ukaondoka.

Anasoma shule ya msingi ya kawaida yenye kitengo cha elimu maalumu. Kitengoni wapo viziwi wenzake wachache, yupo mvulana mmoja asiyeona, na yupo mtoto wa jirani yangu mwenye mtindio wa ubongo ambaye mikono yake haitulii. Mwalimu wa kitengo ni mmoja tu. Lugha ya alama anaijua na anajitahidi sana. Vipindi vingine wanakaa kitengoni, vingine wanachanganyika na wenzao.

Tatizo langu ni kipindi cha Sanaa na Michezo. Darasa likitoka kwenda chini ya mbuyu kwenye ngoma, binti yangu anaachwa alinde mabegi. Yule asiyeona huitwa aimbe kwa sababu ana sauti nzuri, lakini siku ya kuchora anaambiwa akae tu. Huyo wa jirani yangu habanduki darasani, wanasema atamwaga rangi.

Nilikwenda kumwona mwalimu anayefundisha ngoma. Si mtu mbaya, alinipokea vizuri akanipa na kiti. Akaniambia, "Mama, ngoma ni kusikia. Huyu akiingia atavuruga mapigo, na sisi tunaandaa timu ya UMITASHUMTA," yaani yale mashindano ya shule za msingi. Halafu akasema nimshukuru Mungu mtoto anajua kusoma na kuandika, haya mengine ni starehe.

Kilichoniuma, Shangazi, ni kwamba mtoto huyu amekulia kwenye ngoma. Bibi yake, mama yangu mzazi, ni mpigaji wa muheme, ngoma yetu ya Kigogo, na kikundi chao huitwa kwenye harusi na sherehe za kijiji. Wakifanya mazoezi uani kwetu, binti yangu hujisogeza mpaka anaegemeza mgongo kwenye ngoma kubwa, anatikisa mabega na wala hakosei. Mgeni asiyejua hali yake hawezi kudhani kwamba hasikii.

Baba yake ni fundi seremala. Anasema mwaka huu kuna mtihani wa darasa la nne, nguvu zote ziende huko, tena nikigombana na walimu atakayeumia ni mtoto. Dada yangu aliyeko mjini anasema nimhamishie shule ya bweni ya viziwi. Mimi nyumbani naelewana naye kwa ishara zetu wenyewe tulizozizoea.

Naomba unisaidie. Ni haki kudai mtoto asiyesikia afundishwe ngoma, au nang'ang'ania lisilowezekana? Nikirudi kwa mwalimu nimwambie nini? Na je, nimhamishe?

Mama wa Chamwino

* * *

Marahaba, mwanangu. Pole kwa yote tangu homa ile mpaka leo.

Inawezekana, na ni haki yake. Nianze na haki, kisha nije kwenye namna ya kufanya, maana mwalimu hatashawishika kwa la kwanza bila la pili.

Mwalimu yule amechanganya somo na timu, na ukirudi kwake bila kuvitenganisha mtazunguka palepale. Sanaa na Michezo ni somo. Limo kwenye mtaala ulioanza kutumika 2024, limepangwa kwenye ratiba kama Hisabati, na kila aliyeandikishwa darasani ni lake. Timu ya UMITASHUMTA ni jambo jingine: timu huchaguliwa, na hata wanaosikia wengi hawaingii. Ninachokataa mimi ni kipindi cha watoto wote kugeuzwa mazoezi ya wachache, kisha anayebaki akabidhiwe mabegi. Kwa hiyo usianze kwa kudai awekwe kwenye timu. Dai afundishwe. Akishafundishwa na kupimwa kama wenzake, habari ya timu itazungumzika, na hapo utamkumbusha mwalimu kwamba humo humo UMITASHUMTA wamo wanafunzi wenye mahitaji maalumu wanaoshindana kwenye soka na riadha.

Sasa hilo la kwamba ngoma ni kusikia. Sauti ni mtikisiko. Ngozi ikipigwa hutikisika, ikatikisa hewa, ikatikisa mbao zilizoigusa na mifupa ya aliye karibu. Sikio hupokea mtikisiko huo, lakini mwili nao hupokea, hasa mapigo mazito, ambayo huingia miguuni, mapajani na kifuani. Sauti nyembamba kama ya filimbi ndiyo humpita kiziwi bila kumgusa.

Kuna Mskoti mmoja, Evelyn Glennie, ambaye usikivu wake ulipungua utotoni, na kufikia miaka 12 alikuwa kiziwi kwa kiwango kikubwa. Mwalimu wake alimwambia aweke viganja ukutani huku yeye akipiga ngoma, mpaka mtoto akaweza kutofautisha sauti nzito na nyembamba kwa mahali zinapomfikia mwilini. Leo ni mpigaji wa ngoma na ala za kugonga anayefahamika duniani kote. Hupanda jukwaani pekupeku ili miguu ipokee mapigo, na 2012 alipiga kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London. Nakutajia habari hii kwa ajili ya mwalimu kuliko mwanafunzi. Vipaji vya namna hiyo viko vingi vijijini kwetu. Mwalimu wa kufikiri hivyo ndiye anayekosekana.

Na wala hatuhitaji kwenda mpaka Uskoti. Muheme ya Wagogo ni ala ya kumfaa mtoto huyu kuliko ala nyingi ninazozijua. Mama anayepiga muheme huibana ngoma mapajani. Kila pigo linapita kwenye mwili wake kabla halijamfikia msikilizaji yeyote. Binti yako anayeegemeza mgongo kwenye ngoma ya bibi yake amegundua mwenyewe kile ambacho wataalamu wa muziki kwa viziwi hukifundisha. Akiibana mapajani atapata zaidi.

Hapa niseme na la afya. Viziwi wengi hubakiwa na usikivu kidogo, mara nyingi wa sauti nzito, ingawa homa ya uti wa mgongo wakati mwingine huondoa wote. Mpeleke kliniki ya masikio, pua na koo apimwe tena mjue alichobakiwa nacho. Kama atapata kifaa cha kusikia, ajue kwamba karibu na ngoma kitaikuza kelele mpaka imuumize. Afundishwe kukipunguza au kukivua. Na kilichobaki kilindwe. Asizoee kubandika sikio kwenye ngoma.

Halafu kuna kazi ya baba yake, ambayo ndiyo naipenda kuliko zote. Chini ya mbuyu ni udongo, na udongo humeza mtikisiko. Zege nayo haisaidii. Kinachosaidia ni mbao zilizoinuliwa. Fundi seremala akichukua mbao chakavu, hata za paleti, akaunda jukwaa dogo lenye uwazi chini, kimo cha kiganja hivi, lenye nafasi ya watoto wanne au watano na ngoma kubwa, kazi kubwa imekwisha. Ngoma ikae juu ya mbao zilezile wanazosimama watoto. Binti yako avue viatu. Mume wako anaogopa ugomvi na walimu, na hofu yake ni ya mzazi, siidharau. Lakini baba anayeingia shuleni na jukwaa begani hajaenda kugombana na mtu.

Kwa upande wa mwalimu, kinachobadilika ni namna ya kuongoza. Afundishe kwa macho. Mtoto akae mahali anapoiona mikono ya mpigaji mkuu, jua lisimpige usoni. Mwanzo na mwisho wa wimbo vitolewe kwa mkono ulioinuliwa juu, si kwa filimbi wala kwa kupaza sauti. Mapigo yakikaribia kubadilika, ishara itolewe mzunguko mmoja kabla. Mapigo yenyewe yachorwe ubaoni: duara kubwa kwa pigo zito, dogo kwa jepesi, mstari mahali pa kunyamaza. Siku za mwanzo mwenzake akae nyuma yake ampigepige begani kwa mwendo wa ngoma, kisha amwachie polepole.

Lipo kosa moja ambalo hata walimu wenye nia njema hulifanya, nalo ni kueleza huku ngoma inapigwa. Mtoto anayesikia anaweza kutazama mikono ya mpigaji na kusikiliza maelezo kwa wakati mmoja. Kiziwi hawezi, kwa sababu vyote viwili anavipokea kwa macho. Akimtazama mwalimu wa kitengo anayetafsiri, amelikosa pigo; akitazama pigo, amekosa maelezo. Kisha anaonekana mzito wa kuelewa. Simamisha ngoma, eleza, hakikisha ameelewa, ndipo mpige. Mwalimu akishika hili tu, mtaona tofauti.

Na bibi yake yuko wapi katika haya yote? Umemtaja kama sehemu ya habari, mimi namwona kama mwalimu wa pili. Mwombe mwalimu mkuu bibi na wenzake wawili wa kikundi waje shuleni siku ya kipindi. Chamwino ndiko linakofanyika tamasha la muziki wa Cigogo, na shule iliyoko wilaya hiyo haipaswi kukosa mtaalamu wa muheme wakati wataalamu wako nyumba ya tatu. Mwalimu wa ngoma akimwona bibi anavyokwenda na mjukuu wake, maneno yangu haya mengi hayatahitajika.

Usiende peke yako, lakini. Mtafute mzazi wa yule mvulana asiyeona na huyo jirani yako, muende pamoja, kwa sababu shida ni moja. Kumwita asiyeona aimbe na kumkalisha siku ya kuchora ni kumchagulia kipaji. Kuna kifaa rahisi sana: ubao mdogo uliogongelewa wavu wa dirishani, ule wa kuzuia mbu. Karatasi ikiwekwa juu ya wavu na mtoto akachora kwa krayoni ya nta huku akikandamiza, mstari unainuka kwa vijipele na vidole vyake vinausoma. Anaweza kuchora nyumba, kuikagua kwa vidole, kuongeza mlango. Udongo wa mfinyanzi nao ni wake kabisa. Nafikiria ile michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006: haishikwi, na haipaswi kushikwa. Basi mwalimu akiwafundisha darasa habari za Kolo, kule kwenye michoro hiyo, watoto wanaoona wafinyange wale wanyama na watu kwenye vibao vya udongo, mwenzao ashike, kisha naye afinyange wake. Hapo anajifunza historia na sanaa pamoja na darasa zima.

Mtoto wa jirani yako atamwaga rangi, ndiyo. Watoto wote humwaga rangi. Mikono isiyotulia inataka kwanza mwili uliotulia: kiti kinachoshika nyonga, miguu iwe imekanyaga kitu badala ya kuning'inia, meza ifike usawa wa viwiko. Mengi ya hayo ni useremala tena. Karatasi igandishwe mezani pande zote nne. Mpini wa brashi uzungushiwe mpira wa ndani wa baiskeli mpaka unenepe, na ikibidi ufungwe kiganjani kwa kitambaa laini. Rangi iwekwe kwenye kopo zito lisilopinduka. Apewe karatasi kubwa na muda mrefu kuliko wenzake. Mistari yake haitanyooka, na asilazimishwe kuinyoosha kwa kushikwa mkono. Akishikwa mkono, aliyechora ni mshikaji.

Hilo neno la starehe nataka nilijibu, maana limeniuma hata mimi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge letu likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 30 ya mkataba huo inazitaka nchi ziwawezeshe watu wenye ulemavu kukuza na kutumia vipaji vyao vya sanaa, na inasema si kwa faida yao wenyewe tu bali pia kwa kuitajirisha jamii. Yaani kijiji kisichomfundisha binti yako ngoma nacho kinapoteza. Muheme inahitaji warithi. Mtoto wa miaka 10 mwenye mabega yanayokwenda na mapigo, ambaye bibi yake ni mpigaji, hawezi kuwekwa kando na mtu anayesema anapenda utamaduni.

Lakini mkataba na sheria uviache mfukoni siku ya kwanza. Ukianza navyo, mwalimu atajitetea badala ya kufikiri. Nenda kwa mwalimu mkuu pamoja na mwalimu wa kitengo, ambaye ndiye rafiki yako mkubwa hapo shuleni, uombe mambo matatu yanayoshikika: mabegi yatafutiwe pengine pa kukaa, jukwaa la mbao lipokelewe, na bibi aruhusiwe kuja. Omba yajaribiwe muhula mmoja. Mkikubaliana, iandikwe, hata kwa mistari michache. Ukikataliwa, peleka kwenye kamati ya shule, maana wazazi mna viti humo. Kisha kwa afisa elimu kata, kisha kwa afisa anayeshughulikia elimu maalumu pale halmashauri. Huko juu ndipo sheria itoke mfukoni.

Kwa baba yake kuhusu mtihani: asome, na asome kwa bidii. Lakini wakati binti yake analinda mabegi hasomi chochote. Kipindi kile hakimpunguzii saa hata moja ya Hisabati. Na mtoto anayehesabu mapigo ubaoni, anayepanga zamu na wenzake na kukumbuka mfuatano mrefu, akili yake iko kazini.

Suala la bweni nisingelipima kwa ngoma. Lipime kwa lugha. Jiulize kama hapo alipo anapata masomo yote kwa lugha ya alama, na kama ana viziwi wenzake wa rika lake wa kuongea nao, kucheza nao na kugombana nao. Kama majibu ni ndiyo, sioni sababu ya kumtoa kwa bibi yake. Kama kitengoni hupewa lugha saa chache na muda mwingine anakaa katika ukimya wa darasa la wanaosikia, basi shule ya viziwi inastahili kutembelewa na kuangaliwa kwa uzito, na ukifika huko waulize pia kama wana ngoma na maigizo. Kuna shule za viziwi zenye maigizo ya kupendeza mno, kwa sababu lugha ya alama yenyewe ni uso, mikono na mwili mzima.

Na hapa nakugusa wewe, mwanangu. Umesema nyumbani mnaelewana kwa ishara zenu. Hizo zinatosha kwa chakula, maji na njoo hapa. Hazitoshi kumweleza kwa nini mwalimu alimwacha nje, wala kusikia alichojisikia. Mwombe mwalimu wa kitengo akufundishe Lugha ya Alama ya Tanzania, wewe na baba yake, hata jioni chache kwa wiki, na binti mwenyewe awe mwalimu wenu nyumbani. Bibi naye akijua alama za haraka, polepole, rudia na nyamaza, mazoezi ya uani yatakuwa darasa.

Ninasema hivi kwa sababu barua yako imenieleza anachosema mwalimu, anachosema mume wako, dada yako na wewe. Yeye anasema nini? Kabla hujaenda kwa mwalimu mkuu, kaa naye, pamoja na mwalimu wa kitengo wa kutafsiri, umuulize anataka nini katika kipindi kile. Huenda akasema anataka kuipiga ngoma yenyewe, huenda akataka kucheza tu mbele, huenda anamtamani rafiki aliyeko kundi la kuchora. Akisema ngoma, nenda ukaiombee ngoma. Akisema kuchora, basi kaombe kuchora, na lile jukwaa baba yake awajengee viziwi wenzake waliobaki kitengoni.